Madigadi ya nyuma kwa haditeli ya GN125: ya kwanza ilipasuka, nisaidieni hii ya pili ikae

mpinda_paipu, Nakuru

Wadau habari zenu, poleni na kazi. Hii itakuwa ndefu kidogo mnivumilie. Nko Nakuru upande wa Rhonda, na kwa miezi nane sasa jioni zangu zote na Jumapili nimekuwa nikijenga Suzuki GN125 ya zamani iwe haditeli, yaani nyuma haina shokapu wala swingamu (ule mkono wa chuma unaobeba gurudumu ya nyuma ukipanda na kushuka), paipu zinatoka kwa fremu moja kwa moja mpaka kwa ekseli. Pikipiki nyingi za zamani zilikuwa hivyo, hata zile Harley kubwa za safari zilikuwa ngumu nyuma mpaka 1958 walipoleta Duo-Glide yenye shokapu. Hii yangu niliinunua kwa mzee mmoja Njoro alikuwa anabebea maziwa, injini nzima kabisa lakini swingamu imepinda na bushi zote zimeisha, nikaona badala ya kutafuta swingamu nyingine wacha nikate nichomelee paipu.

Fremu ilitoka vizuri. Paipu ya inchi moja ukuta wa mm 3, ndani ya kila kiungo niliweka kipande cha chuma kizima kabla ya kuchomelea ili kiungo kisitegemee weldi peke yake. Tangi limekaa, kiti ni cha mtu mmoja cha springi, nimefurahi nayo sana.

Shida ni madigadi ya nyuma. Nilichukua bati la mm 1 nikalikunja, nikaliweka bolti mbili mbele pale nyuma ya nguzo ya kiti, na huku nyuma nikashikilia na ukanda mmoja mwembamba kutoka kwa fremu. Kwa picha ilipendeza. Jumapili iliyopita nikatoka kwenda Kericho, nimepita Salgaa vizuri, kabla tu ya Mau Summit nikasikia harufu ya raba inaungua, nikafikiri ni lori lililo mbele limeshika breki sana. Harufu haikuisha hata baada ya kulipita lile lori. Nikasimama.

Bati lilikuwa limepasuka kutoka tundu la bolti mpaka ukingoni, madigadi imeshuka, na kichwa cha bolti ya nyuma kilikuwa kimechora mfereji kwa tairi, katikati kabisa, upana wa penseli, unazunguka tairi nzima. Niliweka kucha ndani ikaingia yote. Nilikaa hapo kando ya barabara nikiangalia huo mfereji muda mrefu.

Nimeitoa madigadi yote. Sasa nina madigadi ya chuma ya trela ndogo nilipata kwa skrepu hapa Industrial Area, bati lake ni nzito, mm 2, na imekunjwa vizuri pande. Sitaki kurudia makosa. Mwenye amewahi kufit madigadi kwa haditeli aniambie anaanzia wapi, nafasi anaacha ngapi, na anashikilia na nini.

bati_na_moto, Kisumu

Omera pole sana, na ushukuru Mungu ulisimama. Ile tairi ingepasuka kwa mteremko saa hii hungekuwa unaandika.

Nko Kibuye, kuchomelea ndio kazi yangu ya kila siku, mageti na trela zaidi, lakini madigadi za haditeli nimefit nne na zote bado ziko barabarani. Nakuambia vile mimi hufanya.

Kitu cha kwanza, hiyo madigadi iweke kando kabisa usiiguse. Anza na gurudumu. Madigadi inapimwa kutoka kwa tairi, haipimwi kutoka kwa fremu, na kama gurudumu haijakaa sawa utafit madigadi juu ya makosa. Kaza ekseli mahali itakaa siku zote, cheni ikiwa na ulegevu wake wa kawaida, halafu chukua kamba ya fundi wa kujenga, funga nyuma ya tairi ya nyuma kwa urefu wa ekseli, ivute pande zote mbili mpaka mbele ya tairi ya mbele. Kila upande kamba iguse tairi ya nyuma mahali pawili. Sasa angalia tairi ya mbele. Ya GN125 ni 2.75-18 mbele na 3.50-16 nyuma, kwa hivyo ya mbele ni nyembamba na kamba itaiacha karibu mm 9 au 10 kila upande. Ukipata upande mmoja 5 na mwingine 14 gurudumu ya nyuma imeangalia kando. Halafu weka timazi kutoka nguzo ya kiti uone kama gurudumu imesimama wima, kwa sababu ukichomelea paipu za nyuma moto unavuta, na mara nyingi sahani moja ya ekseli, lile bati nene linaloshika ncha ya ekseli, inakuwa juu kuliko mwenzake.

Hiyo ikiwa sawa ndio uchukue mpira wa maji ule wa kumwagilia, pima unene wake kwa nje kwanza, ukate vipande, uvifunge juu ya tairi na maski tepu kutoka mbele mpaka nyuma, katikati na pande. Ukikosa mpira cheni kuukuu ya 428 pia inafanya, ikilala juu ya tairi inakupa kama mm 12. Halafu unalaza madigadi juu ya hiyo mipira, unaifunga na tepu au kamba ya tyubu, inakaa yenyewe kama kofia. Hapo ndio unaona umbo. Kama madigadi imefunguka sana kuliko tairi utaona imeguswa katikati tu huku mbele na nyuma iko hewani, kama imejifunga sana utaona kinyume. Ya trela mara nyingi ni ya gurudumu kubwa kwa hivyo yako itakuwa imefunguka. Tairi ya 3.50-16 kwa nje ni kama sm 59, ipime yako uone.

dereva_lurambi, Kakamega

Mimi si fundi ni mtu wa boda lakini naomba kuuliza mzee bati. Hapo kwa mm 12 sijaelewa. Mtu akibeba mwenzake si tairi inabonyea inagusa madigadi? Na kitu kingine, huku kwetu mvua ikinyesha ile udongo nyekundu inashika tairi mpaka inajaa yote, mimi nimeshaona boda imekwama katikati ya barabara ya Shinyalu gurudumu haizunguki kabisa sababu ya matope tu, na hiyo ina nafasi kubwa kuliko hizo mm 12 zenu. Wengi huku wanatoa kipande cha chini cha madigadi ya mbele kwa sababu hiyo.

bati_na_moto, Kisumu

Swali zuri ndugu yangu. Kwa kubonyea usiwe na wasiwasi, tairi inabonyea pale chini inapogusa barabara, na kwa haditeli ekseli na fremu na madigadi zinashuka pamoja, hapo juu nafasi inabaki ile ile. Hiyo ndio raha ya fremu ngumu, pikipiki yenye shokapu lazima uache nafasi kubwa gurudumu ipande na kushuka, hii haipandi. Tairi inaongezeka kidogo tu ukienda kasi sababu ya kuzunguka, na GN125 haina kasi ya kuitia hofu hiyo.

Lakini kwa matope uko sahihi kabisa na mimi mwenyewe sikulisema, kwa hivyo nakubali. Hizo mm 12 ni za wenye lami tupu. Kwa mtu wa huku, mimi huacha mm 25, na kama anaingia ndani huko Vihiga au Shinyalu 30. Inapoteza ule muonekano wa kubana lakini unafika nyumbani.

mpinda_paipu, Nakuru

Asante sana wazee wangu. Nimeiweka juu ya tairi jana usiku na mpira wa maji kama mlivyosema, na kweli imefunguka, mbele na nyuma ziko hewani kama sm 4 huku katikati inagusa. Inakunjwaje bila kuharibu zile kingo za pembeni? Na nafasi nitaweka 25, mimi niko lami zaidi lakini naenda Molo mara kwa mara na kule mvua si mchezo.

Swali la pili, ekseli yangu inateleza nyuma na mbele kwa ajili ya kukaza cheni. Nikifit ikiwa mbele si siku nikivuta nyuma nafasi inabadilika?

bati_na_moto, Kisumu

Inabadilika na watu wengi wanasahau hapo. Ukivuta gurudumu nyuma mm 10, nafasi ya mbele karibu na nguzo ya kiti inaongezeka 10, ya nyuma inapungua 10, ya juu kabisa haisongi sana. Cheni ya 428 kila kiungo ni mm 12.7, na kawaida unatoa viungo viwili viwili, kwa hivyo ukifupisha cheni ekseli inakuja mbele kama mm 13. Maana yake kwa maisha ya kawaida ekseli yako inatembea ndani ya hizo mm 13 basi. Fit madigadi ekseli ikiwa katikati ya hiyo safari, kwa nafasi ya 25 hutapungukiwa kamwe. Na mimi huongeza kitu kimoja, tundu la mshikio wa mbele chini nalitengeneza refu kama yai, ili ukitaka unalegeza bolti unasogeza madigadi kidogo ifuate gurudumu.

Kwa kukunja, usipige katikati na nyundo. Ni zile kingo zinazoikatalia. Kata ukingo na diski nyembamba kila baada ya sm 5 au 6, mkato wa ukingo tu usiingie juu, halafu bana polepole juu ya tairi lenyewe, mikato itapishana au itakutana, uchomelee na usage. Ni kazi ya siku nzima, usiharakishe. Na kama bati ni la kupakwa zinki sagia hiyo zinki yote kwanza na ufanye nje kwenye upepo, ule moshi mweupe unakupa homa ya usiku kucha, mimi umenilaza.

nyar_kondele, Kisumu

Naingilia kidogo. Mimi ni wa rangi, napiga spreyi magari na pikipiki. Kaka mpinda tafadhali sana toboa matundu yote, fit kila kitu, endesha hata wiki moja na chuma tupu, ndio ulete kwa rangi. Kila mara naletewa madigadi imepakwa rangi nzuri halafu mtu anarudi na drili kutoboa tundu la waya, na kutu inaanzia hapo hapo. Na ndani ya madigadi usipake rangi ya kawaida peke yake, mawe yanaipiga kutoka kwa tairi kama mvua, paka ile rangi nzito ya raba ya chini ya gari, mara mbili.

kijana_wa_kapseret, Eldoret

Mimi najenga kama hiyo lakini ya Honda CG125. Hapo kwa kushikilia mnasemaje, raba ama chuma kwa chuma? Kuna mtu aliniambia bila raba itapasuka tu siku moja hata bati likiwa nzito.

bati_na_moto, Kisumu

Kijana hapo watu wanabishana na kila mtu ana sababu. Mimi nasema hivi. Madigadi haipasuki kwa sababu ya kukosa raba, inapasuka kwa sababu bati jembamba limeshikwa kwa mahali padogo na sehemu nyingine yote inatikisika. Injini ya silinda moja inatetemeka, barabara inapiga, na fremu ngumu haipunguzi chochote, yote inafika kwa bati. Pale ukingo wa kipande kigumu unapoishia ndipo bati linajikunja mara elfu na elfu, na ufa unaanzia hapo. Mpinda, ufa wako ulianzia kwa tundu, sivyo? Tundu ni ukingo pia.

Kwa hivyo ukubwa wa mshikio ndio dawa. Weka sahani ya ziada nyuma ya kila mahali pa bolti, mm 3, kubwa kama kiganja cha mtoto, pembe zake zote uziviringishe usiache pembe kali hata moja, uichomelee kwa ndani vipande vipande usizungushe weldi yote. Na pointi zisiwe mbili. Moja mbele chini kwa paipu ya kukingama nyuma ya gia, moja juu kwa ile paipu ya kukingama chini ya kiti, na mbili nyuma, miguu ya kushoto na kulia kutoka kwa sahani za ekseli kwenda juu kushika madigadi. Hiyo miguu tumia chuma cha mviringo mm 12. Upande wa breki usiifunge kwa bolti ya ule mkono unaozuia sahani ya breki, ile ina kazi yake peke yake.

Ukitaka raba weka, inasaidia, lakini iwe nyembamba na ngumu. Vipande vya tyubu ya lori vilivyopangwa viwili ni sawa. Ukiweka raba laini sana madigadi inacheza na hesabu yako ya nafasi inapotea.

Na bolti, hapa ndipo tairi yako iliumia. Kichwa cha bolti cha mviringo bapa kikae ndani upande wa tairi, nati inakuwa nje. Afadhali zaidi, chomelea nati ndefu kwa zile sahani upande wa nje, ufungie bolti kutoka nje, na ukate urefu wa bolti isitokeze ndani hata mm 1. Ndani ya madigadi kuwe laini, mkono upite bila kukwaruzwa.

dereva_lurambi, Kakamega

Na abiria? Najua ni ya mtu mmoja lakini kesho utaombwa lifti na shangazi.

mpinda_paipu, Nakuru

Hapana kaka, hii haitabeba mtu. Mke wangu ameshaambiwa na amekubali, tutatumia pikipiki yetu nyingine, ile Boxer. Nikiweka mto juu ya madigadi najua hata nikimwambia mtu hapana atakalia tu.

bati_na_moto, Kisumu

Umesema vizuri. Mto wa abiria juu ya madigadi unafanyika lakini uzito unaenda kwa miguu ya nyuma, inataka chuma kikubwa zaidi na mkingamo chini ya madigadi kutoka mguu mmoja mpaka mwingine. Yako haikujengwa hivyo, usiibebeshe.

Kitu kingine nimekumbuka, kiti chako ni cha springi. Kikalie ubonyee mpaka mwisho uone kama nyuma ya kiti inagonga madigadi. Mmoja wangu iligonga ikatoboa rangi siku ya kwanza.

mpinda_paipu, Nakuru

Wazee nimerudi. Wiki mbili zimepita, hii ndio ripoti.

Kamba. Mzee bati Mungu akubariki. Niliweka kamba kama ulivyoniambia nikapata tairi ya mbele kushoto mm 3, kulia mm 16. Nikafikiri nimekosea nikaifungua nikaifunga tena, mara tatu, ni ile ile. Nikaweka timazi, gurudumu imelalia kushoto. Nilipopima sahani za ekseli, ya kulia iko juu mm 4 kuliko ya kushoto. Miezi minne nimekuwa nikiendesha hivyo, na nilikuwa nikisikia inavuta upande mkono ukilegea nikidhani ni upepo wa huku Nakuru. Madigadi ile ya kwanza mwanzoni nilikuwa nimeipima kwa fremu ikaonekana imepinda, nikaisukuma kwa nguvu upande mmoja ndio nikafunga bolti, kwa hivyo ilikuwa imekazwa siku zote kama upinde. Sasa naelewa kwa nini ilipasuka haraka hivyo.

Nilikata mshono wa sahani ya kulia, nikashusha, nikapiga teki (weldi ndogo za kushikilia tu), nikapima kamba, nikapima tena kesho yake asubuhi chuma kikiwa baridi, ndio nikachomelea kabisa. Nilichomelea kidogo huku kidogo huku ili moto usivute. Ilichukua siku mbili na sijutii. Kabla ya weldi nilitoa betri na kuchomoa CDI (kile kisanduku cha umeme wa plagi), na klampu ya athi, yaani ya umeme kurudi, niliifunga kwa fremu karibu kabisa na weldi, sikuifunga kwa gurudumu kwa sababu umeme ukipita kwa beringi unazila.

Sasa kamba inasoma 9 na 10. Hiyo mm 1 naiacha.

Madigadi nayo nimeikunja. Nilikata kingo mikato kumi na moja kila upande, nikaibana juu ya mipira ya maji na kamba ya tyubu, kila siku kidogo. Sasa imelala juu ya tairi, nafasi ni 25 mbele, 25 juu, nyuma 27. Upande wa cheni ilikuwa karibu sana, nimeikata ukingo kidogo pale cheni inapita, na nimeviringisha ule mkato. Sahani za ndani nimeweka, nati ndefu nimechomelea nje, mkono unapita ndani laini kabisa. Mtoto wangu wa miaka sita alipitisha mkono akasema baba hakuna kitu.

nyar_kondele, Kisumu

Hongera sana kaka, hiyo kazi ya kingo hata kwa picha inaonekana ulikuwa na subira. Usiweke filler (ile pati ya kujazia) nyingi pale kwa mishono, ikitikisika itapasuka. Saga chuma ufike karibu ndio uweke kidogo tu.

bati_na_moto, Kisumu

Sasa hapo. Nimefurahi sana omera. Hiyo sahani kuwa juu mm 4 hungeiona maisha yako yote kama hukufunga kamba. Kibao cha nambari unaweka wapi?

mpinda_paipu, Nakuru

Nilikuwa nataka ncha ya nyuma ya madigadi pamoja na taa, ionekane vizuri na askari wasinisumbue.

bati_na_moto, Kisumu

Ionekane lazima, na taa nyekundu lazima. Lakini usiweke ncha. Ncha ndio inatikisika kuliko mahali pengine, ukiipachika kibao na taa na chuma chake umeipa uzito wa kuipasua. Weka kibao kwa mguu wa kushoto, na taa iweke juu kidogo pale miguu inaposhika madigadi, hapo pamekazwa. Ncha iache nyepesi.

mpinda_paipu, Nakuru

Nimefanya hivyo, kibao kiko kushoto kwa mguu na taa ni ile ya mviringo niliyoipata hapa mjini. Sasa nina shida nyingine mnisaidie. Nimefit yote na vipande vya tyubu ya lori kila mahali, nimekaza, nikawasha swichi, taa ya nyuma haiwaki. Nikikanyaga breki taa ya breki nayo haiwaki. Kwa meza nilikuwa nimeijaribu na betri inawaka vizuri sana. Waya nimezifuatilia mpaka mwisho zina moto. Nimebadilisha balbu, bado.

kijana_wa_kapseret, Eldoret

Hapo mimi ndio najua, kazi yangu ni waya. Mzee wangu hiyo taa inashika athi kupitia kwa chuma chake, inategemea madigadi iguse fremu. Sasa umeweka raba kila mahali na chuma umekipaka praima, madigadi yako haijagusana na fremu popote, moto unafika lakini hauna njia ya kurudi. Chukua waya mweusi, kutoka kwa mwili wa taa mpaka kwa fremu pale athi ya betri inafungwa. Saga rangi mahali inaposhikia uone chuma cheupe, weka wosha ya meno.

Na waya zako usizipitishe ndani ya madigadi hivi hivi hata kama unazifunga na tepu, joto na maji vinafungua tepu na tairi itazila. Chomelea kibomba chembamba kando ya ukingo kwa ndani, ama uzipitishe kwa mguu.

mpinda_paipu, Nakuru

Imewaka. Dakika kumi tu. Kijana asante sana, nilikuwa karibu kutoa raba zote. Nimechomelea kibomba chembamba kando ya ukingo wa kulia, waya tatu zinapita ndani pamoja na huo mweusi.

mpinda_paipu, Nakuru

Wadau ripoti ya mwisho, nilitaka nisubiri kwanza niendeshe ndio nije. Bado ni chuma tupu na praima kama dada alivyosema.

Jumamosi nilienda Njoro mpaka Molo na kurudi. Kabla ya kutoka nilichora alama na kalamu ya rangi kwa kila nati na bati lake, mstari mmoja unaopita zote mbili, ili ikisogea nione. Njoro nilisimama, hakuna iliyosogea. Kabla ya Molo ikaanza mvua ile ya baridi, nikaingia barabara ya udongo kwa makusudi kilomita mbili hivi nione matope yatafanya nini. Yalijaa ndani mpaka nusu ya nafasi, gurudumu inazunguka sawa tu, nilisikia mawe yanapiga bati lakini hakuna kilichokwama. Mgongo wangu ulikuwa mkavu. Ile safari ya Kericho nilirudi na mstari wa matope kutoka kiunoni mpaka kwa kofia.

Na haivuti upande tena. Nililegeza mkono mmoja kwa lami iliyonyooka ikaenda moja kwa moja.

Nyumbani nikaiosha nikalala chini na tochi kuangalia ndani. Nati moja ya mguu wa kulia, ya chini pale kwa sahani ya ekseli, alama yake ilikuwa imesogea kama nusu ya mm. Ndio pekee ambayo sikuweka nati yenye nailoni kwa sababu niliishiwa. Nimebadilisha. Zile sahani za ndani nimepitisha kidole kuzunguka kingo zote kutafuta ufa, hakuna. Tairi nilibadilisha, ile yenye mfereji nimeikata kipande cha huo mfereji nimekitundika ukutani juu ya meza ya kazi.

Dada Kondele nakuja Kisumu na hiyo madigadi mwisho wa mwezi kwa ajili ya rangi, nitakutumia ujumbe. Mzee bati nitapitia Kibuye kwako siku hiyo hiyo, nataka uweke kamba wewe mwenyewe uone kama hiyo 9 na 10 niliisoma sawa.

bati_na_moto, Kisumu

Karibu sana omera, njoo asubuhi kabla jua halijakuwa kali. Njoo nayo ikiwa na hewa sawa kwa tairi zote mbili, hewa ikikosa kuwa sawa kamba inadanganya. Na ulete ile kalamu ya rangi pia, hiyo ya kuweka alama kwa nati sikuwa nayo na nimeanza kuitumia leo kwa trela.